Asubuhi Inayofuata Maji

Vitabu vya kujiendeleza vinavyouzwa mijini vimeigeuza asubuhi kuwa mtihani: uamke saa kumi na moja, ufanye mazoezi, utafakari, uandike malengo, na yote yakamilike jua halijachomoza. Ushauri huo unamfaa mtu ambaye kazi yake huanza saa ileile kila siku. Pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani na Msangamkuu hadi Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma, ina msimamizi mwingine. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, miamba huachwa wazi kuelekea saa nne asubuhi, na wachokoaji wa pweza hushuka. Wiki moja baadaye, saa hiyohiyo, maji yamejaa. Anayeishi kwa ratiba hiyo hawezi kuiahidi saa fulani ya asubuhi jambo lolote kwa mwaka mzima. Kama utulivu wa asubuhi ungetegemea saa, yeye angekuwa ameukosa tangu utotoni.

Kinachotuliza, kwa maoni yangu, ni mfuatano. Tazama sala ya alfajiri, ambayo wengi wa pwani hii wanaijua vizuri. Wakati wake husogea pamoja na jua, lakini hatua zake hazisogei: maji, udhu, sala, ndipo maneno ya dunia. Hata asiyeswali anaweza kuona faida yake. Mtu aliyetoka usingizini hahitaji kuamua aanze na nini. Katika nusu saa hivi ya kwanza baada ya kuamka, homoni ya kortisoli hupanda yenyewe, mwili ukijiandaa kwa kazi; si wakati mzuri wa kuuongezea hofu. Na msimu wa korosho hofu haiko mbali, kwani simu hulala chini ya mto ikingoja habari za mnada. Bei iliyotoka kwenye mnada wa vyama vya ushirika vya MAMCU au TANECU haipandi hata shilingi moja kwa sababu imesomwa kitandani. Inaweza kusubiri uji.

Mtaalamu wa usingizi atapinga akisema kwamba mwili una saa yake na unapenda kuamka wakati mmoja. Ni kweli, na Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2017 ilitolewa kwa Wamarekani watatu waliochunguza namna saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Lakini saa hiyo husetiwa hasa na mwanga, na karibu na nyuzi 10 kusini mwa ikweta macheo hayatofautiani hata kwa saa nzima kati ya miezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha Wahadzabe wa hapa Tanzania pamoja na jamii za Namibia na Bolivia, ulionyesha kwamba watu wasiotumia umeme walilala nyakati zisizotabirika sana lakini waliamka kwa utaratibu zaidi, mara nyingi kabla ya macheo, na malalamiko ya kukosa usingizi yalikuwa machache mno. Kwa hiyo mvuvi anaweza kuliachia jua kazi ya kumwamsha siku nyingi, na kuyaachia maji kazi ya kumwambia lini atoke. Usiku wa kuvua utavunja mpango huo, naam. Hapo kinachobaki ni mfuatano, hata ukianza saa tano mchana.

Pingamizi zito zaidi ni la mama wa nyumba: utulivu gani, na ndoo hazina maji? Vitabu vile hulikwepa swali hili, labda kwa sababu waandishi wake wana bomba jikoni. Mume anayekaa kimya barazani na chai ya rangi, wakati mkewe ameshateka maji, amewasha moto na kuwavalisha watoto sare, amenunua utulivu wake kwa jasho la mwingine. Sehemu ya mzigo huo inaweza kuhamishiwa jioni: maji yakatekwa, kuni zikaingizwa ndani, muhogo ukamenywa na kulowekwa. Sehemu iliyobaki lazima igawanywe. Siku ya bamvua, mke anaposhuka miambani na kikapu, aliyebaki nyumbani ndiye wa kukoroga uji, naye pia aufuate mfuatano uleule, simu ikiwa bado chumbani.