Mvua zikianza, kambare hutoka bwawani

Mfugaji wa samaki wa Chiwata, wilayani Masasi, akikuta kambare wamepungua baada ya mvua ya usiku, asiharakishe kumshuku jirani. Kambare ana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa nje ya maji; ardhi ikilowa, hujiburuta kwenye majani hadi mkondo wa karibu. Perege hawezi hayo. Yeye huruka, au huenda na maji yanayofurika.

Kabla ya masika, pandisha kingo zibaki angalau sentimita 30 juu ya maji, fyeka majani, kisha zungushia wavu unaoinamia ndani, ukiufukia chini. Mdomo wa bomba la kutolea maji ufungwe wavu wenye matundu madogo kuliko vifaranga, usafishwe kila siku. Takataka zikiuziba, bwawa litafurika.

Wengi hukimbilia chandarua cha zamani kwa kuwa ni cha bure. Kama kilitiwa dawa ya mbu, kiache! Dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki.

Anayefugia kwenye tangi nyumbani afunike juu kwa wavu, wala asijaze maji hadi ukingoni. Perege wakihema juu ya maji alfajiri, hewa imepungua: badilisha sehemu ya maji, punguza chakula.