Junior Seau: miaka 20 ya kugongana, na jeraha ambalo hakuna mtu aliliona

Kila mwaka, mwezi wa pili, fainali ya futboli ya Kimarekani inapita kwenye televisheni, ile wanaita Super Bowl. Na kila mara vijana wanatuuliza: huu ni mchezo gani? Mbona wanavaa kaski sawa watu wa moto? Na juu gani wanagongana vile na mwamuzi hapigi filimbi?

Leo tunajibu kupitia maisha ya mchezaji mmoja, Junior Seau. Alikuwa kati ya wenye nguvu zaidi katika mchezo huo. Alikufa akiwa na miaka 43, na kifo chake kilifanya watu wengi Marekani waanze kuuliza kitu gani kinatokea ndani ya kichwa cha mtu anayegongwa kila siku.

Lainibeka ni nani?

Katika mchezo huu, kila ekipe ina watu 11 kiwanjani. Mpira unabebwa mkononi. Ekipe yenye mpira inapewa nafasi nne ili isogee mbele yadi 10, ni kusema kama mita 9. Ikishindwa, mpira unaenda kwa wengine.

Kazi ya walinzi ni kumzuia yule mwenye mpira, na kumzuia ni kumwangusha chini. Walinzi wanajipanga mistari mitatu. Mbele kuna wanene wanaosukumana kifua kwa kifua. Nyuma kabisa kuna wenye mbio. Katikati ndipo anasimama lainibeka. Yeye anatazama, anakisia mpira utapita wapi, kisha anakimbia na kugonga. Anahitaji uzito, mbio na akili, vyote pamoja. Hata mzaliwa wa Kongo aliyekulia Canada, Andy Mulumba, alicheza nafasi hiyo katika ekipe ya Green Bay Packers kuanzia mwaka wa 2013.

Mtoto wa garaji

Seau alizaliwa mwaka wa 1969 katika familia iliyotoka Samoa ya Kimarekani, visiwa vya mbali katika bahari ya Pasifiki. Alikulia Oceanside, California. Nyumba ilikuwa ndogo, na yeye na ndugu zake walikuwa wanalala ndani ya garaji. Kiingereza alijifunza alipofika kama miaka saba.

Mchezo ndio ulimfungulia mlango. Alisoma chuo kikuu cha USC, na mwaka wa 1990 San Diego Chargers wakamchagua, akiwa mchezaji wa tano katika nchi nzima mwaka huo. Ilikuwa ekipe ya kwao, karibu na nyumbani. Alibaki pale misimu 13. Mara 12 mfululizo alichaguliwa katika mechi ya nyota wa ligi.

Watu walimpenda. Kila mtu, awe tajiri ao mfagiaji, alimwita « rafiki ». Alianzisha shirika la kusaidia watoto wa mji wake.

Mwezi wa kwanza 1995, Chargers walikuwa wanatafuta nafasi ya fainali mbele ya Pittsburgh. Seau alikuwa na mshipa wa shingo uliobanwa. Kwa mtu mwingine, hiyo ni siku ya kulala kitandani. Yeye aliingia kiwanjani na akashiriki kuangusha wapinzani mara 16. Chargers wakashinda 17 kwa 13. Fainali walipoteza, lakini siku ile ya Pittsburgh inasimuliwa mpaka leo kama ushujaa.

Hapo tusimame kidogo. Mtu mwenye maumivu anacheza, na wote wanapiga makofi. Atakuja kusema lini kama anaumwa?

Hakutaka kuacha

Nyuma ya San Diego alienda Miami Dolphins. Mwaka wa 2006 alitangaza kwamba anastaafu. Siku nne tu zikapita, akasaini na New England Patriots. Huko alifika fainali nyingine, mwezi wa pili 2008. Ekipe yake ilikuwa imeshinda mechi 18 bila kupoteza hata moja, kumbe ile ya mwisho wakafungwa 17 kwa 14. Seau hakupata kikombe kile. Aliacha kabisa nyuma ya msimu wa 2009, akiwa na misimu 20. Ni wachache sana wanaofika hapo katika nafasi yake.

Tarehe 2 mwezi wa tano 2012, alijiua nyumbani kwake Oceanside.

Waganga waliona nini?

Familia ilikubali ubongo wake uchunguzwe. Mwezi wa kwanza 2013, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani ikatangaza majibu: Seau alikuwa na ugonjwa unaoitwa kwa kifupi CTE.

Kaski inalinda mfupa wa kichwa usipasuke. Lakini ubongo uko ndani, ni laini. Ukigongwa, unatikisika, sawa maji ndani ya bidoni juu ya pikipiki katika barabara ya mashimo. Bidoni inabaki nzima, lakini maji yanapigana ndani. Ukirudia hivyo maelfu ya mara, uchafu fulani unaanza kujikusanya ndani ya ubongo na kuua sehemu zake pole pole. Si lazima mtu azimie. Hata migongo midogo inahesabika. Mtu anaweza kuanza kusahau, kukosa usingizi, kukasirika bure, kukata tamaa. Ndugu wa Seau walisema waliona mabadiliko kama hayo. Lakini CTE inathibitishwa tu mtu akishakufa, na hakuna munganga anayeweza kusema kwa hakika kwamba ndiyo iliyomwua.

Wa kwanza kuona ugonjwa huu kwa mchezaji wa ligi hiyo alikuwa Mwafrika: Bennet Omalu, munganga kutoka Nigeria. Mwaka wa 2002, Pittsburgh, alichunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa zamani aliyekufa na miaka 50. Alipoandika matokeo mwaka wa 2005, waganga wa ligi waliomba maandishi yake yaondolewe. Mwaka wa 2016 ndipo mkubwa mmoja wa ligi alikubali mbele ya wabunge kwamba kuna uhusiano kati ya mchezo na ugonjwa huu.

Familia ya Seau ilishitaki ligi, na mwaka wa 2018 pande mbili zikapatana. Mwaka huo pia sheria mpya ilikataza mchezaji kuinamisha kichwa na kugonga mwenzake kwa kaski. Seau mwenyewe aliingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo mwaka wa 2015. Ni binti yake aliyesema kwa niaba yake.

Na sisi?

Hapa kwetu hatuchezi futboli ya Kimarekani. Lakini tumeona wote golikipa akigongwa kichwa, anamwagiwa maji, watu wanapiga kelele « simama, wewe ni mwanaume », na anarudi golini. Mtu akigongwa kichwa kisha akazunguzwa, akatapika, ao hajui mechi iko ngapi kwa ngapi, atoke. Asirudi siku ile. Apelekwe kituo cha afya, hata kama hakuna damu.

Na mwenye nguvu akianza kunyamaza, kukosa usingizi, kusema maisha hayana maana, tusimwambie ajikaze. Tukae naye, tumsikilize, tumsindikize kwa munganga. Seau alijikaza miaka 20.