Kifurushi Unachosakinisha Kimejengwa na Nani?

Fungua terminali kwenye kompyuta yenye Python, andika pip install requests, kisha bonyeza Enter. Sekunde chache baadaye unayo maktaba ya kuiwezesha programu yako kuwasiliana na tovuti yoyote. Tazama tena maandishi yaliyopita kwenye skrini: uliomba kifurushi kimoja, vimeshuka vitano. Requests inategemea urllib3, certifi, idna na charset-normalizer, na pip imevileta vyote bila kukuuliza. Vimetoka PyPI, ghala la vifurushi vya Python lenye miradi zaidi ya laki tano. Wa JavaScript wana npm, wa Rust wana crates.io.

Ni neema kubwa, nalisema hilo kwa moyo wote. Kijana wa Mwanza asiye na senti ya leseni anasakinisha zana zilezile wanazotumia wahandisi wa benki za London. Lakini kusakinisha ni kuiruhusu kazi ya mtu usiyemjua iendeshwe kwenye mashine yako, kwa mamlaka yako. Kifurushi cha npm kinaweza hata kubeba amri zinazotekelezwa papo hapo kinaposakinishwa, kabla hujaandika mstari mmoja wa kukitumia.

Ukieleza hofu hiyo, utajibiwa kwamba programu huria haina siri: msimbo wake uko wazi na kila mwenye ujuzi anaweza kuusoma. Kisa cha XZ Utils cha mwaka 2024 kilionyesha upungufu wa jibu hilo.

XZ Utils ni zana ya kubana faili ili zichukue nafasi ndogo, na karibu kila mfumo wa Linux unayo. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, kwa muda wake wa ziada na bila malipo. Mwaka 2021 alijitokeza mchangiaji aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta marekebisho madogo yenye manufaa. Mwaka uliofuata watu wengine wenye majina yasiyojulikana popote wakaanza kumwandama Collin: mbona kazi inakwenda polepole, mbona hawaachii wengine? Collin alijibu hadharani kwamba afya yake ya akili ilikuwa imemsumbua kwa muda mrefu, na kwamba mradi huo ni wa kujitolea. Hatimaye Jia Tan akapata mamlaka ya kutoa matoleo mapya.

Toleo 5.6.0 lilitoka Februari 2024, na 5.6.1 likafuata Machi. Sumu ilifichwa ndani ya faili mbili za majaribio, zile zinazowekwa ili kupima jinsi zana inavyofungua faili zilizobanwa, nzima na zilizoharibika. Kwa macho ya binadamu ni baiti zisizosomeka, na hakuna anayezikagua. Amri ya kuzifungua na kuichomeka sumu wakati wa ujenzi haikuwamo kwenye hazina ya msimbo inayoonekana na kila mtu. Ilikuwamo tu kwenye furushi ambalo Jia Tan alilifunga mwenyewe kwa ajili ya kutolewa, na wajenzi wa mifumo ya Linux wamezoea kuchukua furushi hilo. Aliyekagua hazina aliyaona mahindi yaliyopepetwa vizuri. Walaji walipewa unga uliosagwa na mtu mwingine.

Shabaha ilikuwa OpenSSH, programu ambayo wasimamizi wa seva huitumia kuingia kwenye mashine wakiwa mbali. OpenSSH yenyewe haihitaji XZ. Lakini Debian na mifumo mingine kadhaa ya Linux iliiongezea kiraka ili iwasiliane na systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, na maktaba ya systemd nayo iliivuta liblzma, yaani maktaba ya XZ. Hatua mbili tu za utegemezi, na mlango wa nyuma ukawa umefika penyewe. Mwenye ufunguo wake wa siri angeweza kuendesha amri yoyote kwenye seva bila kuwa na akaunti humo.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wasanidi wa hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa akipima kasi kwenye Debian ya majaribio, akaona kuingia kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida na kunakula nguvu ya prosesa isivyoeleweka. Akafuatilia mpaka chini, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokikuta. Matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, pamoja na openSUSE Tumbleweed, yalikuwa tayari yameingiliwa. Matoleo thabiti ya Debian, yanayotegemewa na seva nyingi, hayakuwa yamefikiwa.

Wapo wanaosema basi mfumo ulifanya kazi yake. Sikubaliani nao. Ni kweli Freund alifika kwenye kiini kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Katika programu iliyofungwa angeishia kulalamikia mwendo wa pole. Ila uwazi ulimsaidia baada ya kushuku. Haukuzuia kifurushi kisicholingana na msimbo wake kutolewa na kusambazwa.

Pengo hilo linazibika. Tangu 2013 watu wa Debian wanaendeleza ujenzi unaorudufika: msimbo uleule ukijengwa na watu wawili kila mmoja kivyake, utoe kifurushi kilekile, baiti kwa baiti. Kwa XZ hilo pekee lisingetosha, maana furushi la kuanzia ndilo lililotiwa sumu. Ni lazima ujenzi uanzie kwenye hazina yenyewe. Mwaka 2023 npm ilianza kuruhusu vifurushi vibebe uthibitisho uliotiwa saini, unaoonyesha vimejengwa kutoka msimbo upi na wapi. Wewe msanidi, hifadhi faili la kufungia matoleo, lenye alama ya hesabu ya kila kifurushi, na usikimbilie toleo jipya siku lilipotoka bila sababu ya usalama.

Uchovu wa mtunzaji hauna dawa ya kiufundi. Mwaka 2014, hitilafu ya Heartbleed ilipofichuliwa ndani ya OpenSSL, dunia ilishangaa kusikia kwamba maktaba iliyolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Miaka 10 baadaye Collin alikuwa bado akijitolea bila malipo, na baada ya kufichuliwa kwa mlango ule ni yeye aliyesafisha na kutoa toleo 5.6.2, Mei 2024.

Kampuni yenye wasanidi watano tu inaweza kuanza wiki hii. Ifungue orodha ya vifurushi vyake, itafute vile vinavyotunzwa na mtu mmoja, na impe msanidi wake saa za kazi za kusoma ripoti za hitilafu na kupima marekebisho ya mradi mmojawapo. Asianze kwa kudai mamlaka ya kutoa matoleo. Mtunzaji aliyechoka anahitaji kwanza mtu wa kumpunguzia foleni, na Jia Tan aliingia kupitia nafasi hiyo iliyokuwa wazi.