Mbwa Aliyevutwa kwa Kamba

Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1967, kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, Martin Seligman na Steven Maier waliwafunga mbwa kwa mikanda na kuwapiga shoti za umeme. Kundi moja liliweza kuikata shoti kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Kundi jingine lilipigwa shoti zilezile kwa muda uleule, ila lolote lililofanya halikusaidia. Kesho yake mbwa walitiwa katika sanduku lenye vyumba viwili, katikati kizuizi kifupi cha kuruka. Wa kundi la kwanza waliruka. Wengi wa kundi la pili walihangaika kidogo, kisha wakalala chini wakilia, wakiungoja umeme ukome wenyewe.

Ulikuwa ukatili, na siupambi. Lakini nimemfikiria sana yule mbwa aliyelala, kwa sababu namfahamu. Mwaka niliozunguka na bahasha ya vyeti nikitafuta kazi na kuambiwa njoo wiki ijayo, ilifika asubuhi nikashindwa hata kuvaa viatu. Nyumbani waliuita uvivu. Nami niliamini.

Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa kwamba mbwa yule alijifunza kukata tamaa. Maier hakuishia hapo. Alihamia kwenye ubongo wa panya, akazichunguza seli za shina la ubongo zinazomwaga kemikali iitwayo serotonini. Mateso yakidumu bila njia ya kuyazima, seli hizo huchachamaa na mnyama huzubaa. Hakuna aliyemfundisha. Anachojifunza ni kinyume chake: sehemu ya mbele ya ubongo ikibaini kwamba tendo la mnyama mwenyewe ndilo linalozima maumivu, hupeleka ishara ya kuzituliza seli zile. Mwaka 2016 Maier na Seligman walikiri kwa maandishi kwamba nadharia yao ya awali ilikuwa kinyumenyume. Wanasayansi wangapi huthubutu hivyo baada ya takriban miaka 50?

Na kuna jambo linalonipa moyo zaidi. Panya aliyewahi kuizima shoti kwa kuzungusha gurudumu, hata akipigwa baadaye shoti isiyozimika, hazubai kama wenzake. Ule uwezo mdogo wa jana unamlinda leo.

Binadamu si panya, na dhiki zetu nyingine hazina gurudumu. Hata hivyo nimeacha kumwambia mtu aliyechoka avumilie tu. Mwaka ule wa bahasha, rafiki yangu hakuniambia neno hilo. Alikuja alfajiri, akanikabidhi ndoo, tukaenda kumwagilia tuta lake la mchicha. Kesho yake akaja tena. Siku mbegu zilipochipua nilisimama pale muda mrefu, maana maji yale niliyateka mimi.

Mbwa waliozubaa nao waliinuliwa vivyo hivyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1968, watafiti waliondoa kizuizi, wakawaita, wakawarushia chakula upande wa pili, hawakusogea. Ikabidi wawafunge kamba na kuwavuta hadi upande usio na umeme, tena na tena, mara nyingi kuliko ambavyo wengi wetu tungekuwa na subira. Mwanzoni kamba ilikaza kweli. Kisha nguvu iliyohitajika ikapungua, ikapungua tena, mpaka mbwa wakavuka wenyewe.