Printa Haibonyezewi Vitufe

"Fundi, nafanyaje programu yangu ibonyeze Ctrl na P, halafu Enter, ili itoe karatasi yenyewe?" Wiki hii nimeulizwa hivyo mara tatu hapa Bomani, Tarime, na wote watatu ni vijana wanaojua kuandika programu. Jibu langu halijabadilika: usibonyeze kitu.

Amri kama SendKeys haijui printa ni nini. Inarusha vitufe kwenye dirisha lolote lililo mbele kwa wakati huo, na wewe unaomba Mungu dirisha hilo liwe la waraka wako. Juni moja niliitwa kwenye shule ya sekondari siku moja kabla ya kikao cha wazazi. Ripoti za wanafunzi zilikuwa zaidi ya 400, na programu ilikuwa ya vitufe. Katikati ya kazi likaibuka dirisha la kuuliza kama kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Enter iliyofuata ikajibu ndiyo. Nilimkuta mwalimu wa taaluma ameketi sakafuni na rundo la karatasi, anatia alama jina moja moja kwenye orodha ya darasa ili ajue nani ripoti yake imetoka na nani bado. Alimaliza usiku.

Dawa wanayopeana vijana ni moja: ongeza sekunde za kusubiri. Mbili zikigoma weka tano, tano zikigoma weka kumi. Hiyo si dawa. Sekunde zilizotosha asubuhi hazitatosha mchana, kompyuta ikielemewa na flashi iliyojaa virusi. Kusubiri hakuiambii programu kwamba karatasi zimekwisha, wala kwamba dirisha limebadilika. Tena piga hesabu: ripoti 400 kwa sekunde kumi ni zaidi ya saa nzima ambayo hakuna anayeruhusiwa kugusa kipanya. Ofisi gani ya Tarime ina kompyuta ya kukaa hivyo?

Windows tayari ina huduma ya kazi hii, Print Spooler. Programu yako inaitajia jina la printa na kuikabidhi waraka. Huduma inaupanga kwenye foleni na kuupa namba. Kwa kawaida kazi iliyokwishaingia foleni huhifadhiwa kwenye diski, ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS. Umeme ukikatika, ukirudi utaikuta. Ndiyo maana kuzima na kuwasha hakufuti foleni iliyokwama, jambo jingine ninaloulizwa kila siku. Andika kwenye hifadhidata yako kila ripoti uliyoikabidhi, na mwalimu hatakaa sakafuni tena. Ila foleni tupu si ushahidi kwamba karatasi imetoka. Printa nyingi hukiri kupokea data tu. Hesabu karatasi.

Njia zenyewe ni hizi. Kwenye Word na Excel tumia PrintOut. Kwa Word weka Background iwe False, la sivyo utaifunga kabla haijamaliza kutuma. Ukiandika C#, chora ukurasa kwa PrintDocument. Una PDF? SumatraPDF inapokea -print-to, jina la printa, na -silent. Kwenye Linux ni lp -d. Printa ya risiti za milimita 80 usiipelekee Word kabisa. Itumie amri za ESC/POS, lugha iliyoasisiwa na Epson, ambayo printa nyingi za risiti huielewa. Na kwenye seva isiyo na mtu mbele yake usiweke Word ijiendeshe: Microsoft wenyewe wamesema hawapendekezi wala hawaungi mkono matumizi hayo. Tengeneza PDF.

Ripoti za Desemba hazijafika. Fungua programu yako leo, tafuta neno SendKeys, lifute.