Je, Wajua? Nyaya Nane Ndani ya Ukuta wa Kaaga

Je, wajua kwamba neno "simu" asili yake ni waya? Tulilipata kwa Waajemi, ambao waya huuita sim. Kebo ya telegrafu iliyopita chini ya bahari kutoka Aden ilifika Zanzibar mwaka 1879, na tangu hapo habari za mbali zikawa ni habari za waya. Hata leo ni hivyo. Mwanafunzi wa Kaaga, pale Meru, akituma ujumbe kwa Wi-Fi, ujumbe huo hupaa mita chache tu hadi kwenye kisanduku kilichobandikwa darini. Safari iliyobaki ni ya kebo, na mwanzo wake ni kazi ya mikono ya fundi.

Ichune kebo hiyo uone. Ndani mna nyaya nane, jozi nne, kila jozi imesokotwa. Anayesokota mkonge hutafuta nguvu ya kamba. Huku kinachotafutwa ni utulivu. Waya mbili zilizosokotwa pamoja hupokea kelele za umeme kwa kiasi kilekile, na kelele hizo hufutana. Alexander Graham Bell alipata hataza ya wazo hili mwaka 1881. Tena jozi nne hazisokotwi sawa: moja hubanwa zaidi, nyingine hulegezwa, ili zisisikilizane. Ndiyo maana fundi makini, anapofika mwisho wa kebo, hafungui msokoto zaidi ya milimita 13.

Halafu huja mpangilio wa rangi, ambao mafundi wengi huutaja bila kufikiri: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mbona kijani kimetenganishwa na mwenzake? Kwa sababu nafasi mbili za katikati zilikuwa za simu ya mezani, na ikabidi kijani kizipishe. Mwanagenzi akizipanga kwa mvuto wa macho, kila rangi kando ya mwenzake, na akafanya hivyo pande zote mbili, kipimaji cha bei rahisi kitawasha taa zote nane. Lakini mtandao utajikokota, maana waya ya tatu na ya sita, zinazopaswa kubeba ishara moja, sasa zimetoka jozi tofauti. Kosa hili linaweza kukaa ukutani miaka, na lawama zote zikamwendea mwenye kuuza intaneti.

Boksi la kebo nalo huwa na mita 305. Idadi hiyo ya ajabu ni futi 1,000 tu. Ukiliinua ukaliona jepesi mno, kwangua waya kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, ya kughushi hung'aa nyeupe kwa sababu ni alumini iliyopakwa shaba. Mteja haoni tofauti hiyo, na kumuuzia hivyo ni kumwibia.

Kebo ya shaba ina mpaka wa mita 100: 90 za ukutani, 10 za kuunganishia vifaa. Kwenye kiwanja kipana kama cha Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya, chenye makao yake Kaaga na kilichopata hati mwaka 2006, mita 100 huisha haraka. Baina ya majengo hufaa kebo ya kioo, na si kwa sababu ya umbali pekee. Mvua za Oktoba hadi Desemba huja na radi upande huu wa Mlima Kenya, na shaba hubeba mshtuko wa radi kutoka jengo hadi jengo. Kioo hakibebi umeme.

Njia ya mwanga ndani ya uzi wa kioo ina kipenyo cha mikromita 9, nyembamba kuliko unywele. Kutoka Mombasa, zilikotua kebo za baharini za TEAMS na SEACOM mwaka 2009, mwanga hufika Meru kabla sehemu moja ya mia ya sekunde haijaisha. Lakini kipande cha uzi huo kilichokatwa, kikizama kidoleni, hakionekani wala hakishikiki. Kwa hiyo fundi hula mbali na meza ya kazi, na kila kipande hukitia kwenye chupa yenye kifuniko.

Akimaliza, huacha mzingo mmoja wa kebo juu ya dari. Kila kichwa kinapokatwa na kubanwa upya, sentimita kadhaa huenda, na kebo iliyokatwa sawasawa na ukuta haina pa kuvutiwa.