Baraza likivunjwa, urithi wake apewe nani?

Wahenga walinena kuwa hakuna refu lisilo na ncha. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, nikiifafanua kwa mifano ya safari, ya dhiki na ya tawala za mabavu. Sikudhani hata siku moja kwamba ingenipasa kuitumia kujiliwaza mimi mwenyewe, mtu mzima niliyeketi mbele ya kompyuta usiku wa manane nikiwaaga watu ambao wengi wao sijapata kuwatia machoni.

Watu hao walikuwa wapenzi wenzangu wa taarab. Baraza letu halikuwa na ukuta wala mkeka. Lilikuwa katika mtandao wa intaneti, nalo lilidumu kwa miaka 17, tangu 2004 hadi mwisho wa 2021. Mwasisi wake alikuwa mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa akifanya kazi Muscat. Yeye ndiye aliyelipia nafasi ya tovuti kutoka mfukoni mwake, na yeye ndiye aliyetuamua tulipogombana.

Mimi ni mtu wa bara. Taarab niliijua kupitia redio, kisha kupitia kaseti za Juma Bhalo nilizonunua Mombasa siku nilipowapeleka wanafunzi wangu kuizuru Fort Jesus. Nilizisikiliza hadi utepe ukachakaa. Hata hivyo, nikiwa mwalimu wa Kiswahili mwenye cheti chake, niliona haya kukiri kwamba nusu ya maneno yaliyoimbwa sikuyaelewa. Nilipojiunga na baraza hilo kutoka saiba moja mjini Nakuru, nikilipa shilingi moja kwa kila dakika, nilikwenda na swali moja tu: je, kwa nini wapenzi wanaosifiwa katika nyimbo hizi wanateka kila mara? Wanateka maji, au wanateka nyara?

Aliyenijibu alikuwa mzee mmoja wa Mji wa Kale ambaye sote tulimwita Ami. Hakunicheka. Aliandika, "Mwalimu, huyo hateki maji wala hateki mtu. Anateka, yaani anacheka." Kisha akanieleza kwa utaratibu kwamba katika Kimvita na Kiamu, panapokuwa na sauti ya "ch" katika maneno mengi ya Kiswahili sanifu, wao hutamka "t". Kucheka ni kuteka, macho ni mato, kuchinja ni kutinda. Vivyo hivyo, njia kwao ni ndia, na anayesema "ndoo" huenda hana haja ya chombo cha kuchotea maji, bali anakwita umwendee.

Naam, kwa jibu moja lisilozidi mistari kumi, mzee huyo alinifungulia mlango ambao miaka yangu ya chuo haikuufungua. Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Tulikuwa wengi: kulikuwa na mabinti wa Lamu, vijana wa Unguja, akina mama waliohamia London na Toronto, na madereva wa Dubai walioandika baada ya zamu zao. Tulijadili safari ya Siti binti Saad ya mwaka 1928, alipokwenda Bombay kurekodi nyimbo katika santuri. Tulibishana kama udi wa Zein l'Abdin unaishinda sauti ya Juma Bhalo, ubishi ambao haukupata kuisha na ambao nadhani hakuna aliyetaka uishe.

Isitoshe, baraza hilo lilikuwa pia mahali pa kufarijiana. Bi Kidude alipofariki mwaka 2013, Juma Bhalo alipomfuata mwaka 2014 na Zein l'Abdin mwaka 2016, baraza liligeuka matanga. Kila mtu alikuja na kumbukumbu yake: huyu alimsikia marehemu akiimba katika arusi ya dada yake, yule alipanda matwana usiku kutoka Malindi asikose onyesho. Mwenzetu mmoja alipofiwa na mumewe ugenini, tulichanga kwa M-Pesa hata sisi tusiomjua sura.

Sitaki msomaji adhani kwamba baraza letu lilikuwa pepo. Kulikuwa na matusi. Kulikuwa na wajuaji waliomkebehi kila aliyetoka bara. Walikuwapo pia waliogawa nakala za nyimbo bila ya mwanamuziki kupata hata senti, nasi tukafurahia na kunyamaza. Lakini ni kundi gani la binadamu lisilo na kasoro? Hata chumba cha walimu kina fitina zake.

Kisha mambo yakabadilika, kama yabadilikavyo mambo yote. Simu za mkononi zilipoenea, vijana walihamia Facebook, kisha wazee wakahamia WhatsApp. Siku zikapita bila ya ujumbe mpya, kisha wiki. Mwaka 2019 Ami alifariki. Mnamo Septemba 2021, mwasisi wetu aliandika waraka mfupi wa upole. Alisema macho yake yamechoka, gharama imepanda, na wasomaji wamebaki wachache. Alitupa muda hadi usiku wa mwisho wa mwaka, akatusihi kila mmoja achukue anachokipenda.

Miezi mitatu na ushei! Muda huo ulitosha kuliandika baraza zima kwa mkono. Nami nilifanya nini? Niliahirisha. Kalenda ya shule ilikuwa imebanwa baada ya shule kufungwa mwaka 2020, na kila jioni nilijiambia kwamba nitaanza kesho. Usiku wa mwisho ulipofika, stima zilipotea mtaani kwetu saa moja, zikarudi saa nne. Nilibakiwa na saa mbili. Upande mmoja kulikuwa na maelezo ya Ami, mamia ya maneno ya Kimvita na Kiamu aliyokuwa ametufafanulia kwa miaka 15. Upande wa pili wenzangu walikuwa wakiagana, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa dua, wengine kwa mizaha ya zamani.

Nilichagua kuagana. Nilijituliza kwa kusema kwamba bila shaka kuna mwenzangu aliyekwisha kuyanakili maelezo ya Ami. Saa sita ilipotimu, ukurasa uligeuka mweupe.

Kesho yake niliwauliza wachache niliokuwa na nambari zao za simu: nani anayo maneno ya Ami? Binti wa Lamu alidhani ninayo mimi, kwa kuwa ni mwalimu. Bwana wa Dubai alidhani anayo binti wa Lamu. Mwasisi mwenyewe alidhani kila mmoja wetu anayo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na sisi, watu tuliojigamba kwa methali, tulikufa maskini katika hiyo iliyo wazi kuliko zote.

Nayaeleza haya yote si kwa sababu ya kutaka kuhurumiwa. Nayaeleza kwa kuwa msiba wetu mdogo una ndugu zake wakubwa ulimwenguni. Mathalan, GeoCities, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, iliwapa watu wa kawaida nafasi ya kujenga kurasa zao katika vitongoji vilivyopangwa kwa mapenzi yao: wapenzi wa sinema huku, wapenzi wa hadithi za sayansi kule. Kampuni ya Yahoo iliinunua mwaka 1999, na Oktoba 2009 ikaifunga huko Marekani. Kurasa zilizonusurika ziliokolewa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea waliokesha wakinakili kabla ya mlango kufungwa.

Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na Yahoo Groups, makundi yaliyowaunganisha watu kwa barua-pepe, yakiwamo ya mashabiki wa kila aina. Oktoba 2019 ilitangaza kwamba maandishi yote ya zamani yangefutwa Desemba ya mwaka huo. Baada ya kilio cha wanachama, muda uliongezwa hadi mwisho wa Januari 2020, na ilipofika Desemba 2020 huduma yote ikakoma. Nayo IMDb, tovuti mashuhuri ya wapenzi wa filamu, ilifunga sehemu yake ya mijadala Februari 2017, baada ya kuwapa watu muda wa takriban wiki mbili tu. Mijadala ya miaka na miaka, wiki mbili!

Ikiwa mataifa yenye mitambo na mali yanapoteza hivi, sisi je?

Najua kuna watakaonipinga. Watasema kwamba nyimbo za Juma Bhalo ziko tele mtandaoni hivi leo, kwa hivyo hakuna kilichopotea. Ni kweli, nyimbo zipo. Lakini sauti bila ya maelezo ni kama barua iliyoandikwa kwa hati usiyoweza kuisoma. Mwanafunzi wa Kitale au Machakos ataisikia sauti ile tamu na kuendelea kuamini kwamba mpenzi anateka maji. Wimbo waweza kudumu ilhali maana yake imekwisha kufa.

Wengine watasema kwamba hayo ni mazungumzo ya starehe, si elimu. Kwa hawa nina jibu moja. Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Vizazi vilivyozaliwa baada yake vimemjua kama mtu, na si kama jina tu lililobandikwa kwenye santuri, kwa sababu Shaaban Robert aliketi, akashika kalamu, akaandika wasifu wake. Lau Shaaban Robert angedhani kwamba habari za mwimbaji ni starehe tupu, au kwamba kuna mwenziwe atakayeziandika, tungekuwa na nini leo?

Hata hivyo, kuna hoja ya tatu ambayo naiheshimu. Si kila lisemwalo barazani lastahili kuhifadhiwa. Mama yule aliyetulilia siku alipofiwa hakutulilia ili machozi yake yasomwe na watafiti. Watu wana haki ya kusahauliwa. Kwa hivyo anayehifadhi hana budi kuuliza kwanza na kuchagua, kama vile wenye busara wafanyavyo wanapofungua sanduku la marehemu: cha wote hugawiwa wote, na cha siri huachwa kiwe siri.

Kwa mintarafu hiyo, nina mambo machache ya kuwashauri walimu wenzangu na wanafunzi wetu, ambao leo kila darasa na kila chama cha Kiswahili kina kundi lake la WhatsApp. Kwanza, tukumbuke kwamba tunakaa katika nyumba za watu. Mwenye nyumba akiamua kuibomoa, hatatuuliza. Isitoshe, simu ikipotea au kuibwa, huenda mazungumzo yote yakapotea pamoja nayo. Maelezo mazuri ya neno, historia ya mji iliyosimuliwa na babu wa mwanafunzi, shairi lililotungwa na kidato cha pili, yote haya yatolewe humo na kuandikwa daftarini kungali mapema.

Pili, kazi hiyo ipewe mtu kwa jina. Kazi ya wote si kazi ya yeyote. Hilo nimelilipia karo. Kila chama kiwe na katibu ambaye wajibu wake ni kunakili, na mwishoni mwa mwaka nakala moja iwekwe katika maktaba ya shule, hata kama maktaba yenyewe ni kabati moja.

Tatu, tujifunze kuagana mapema. Katika desturi zetu, mgeni hasindikizwi kwa dakika moja, na mali ya marehemu haigawanywi usiku wa mazishi. Baraza linapokaribia mwisho wake, itengwe siku ya kugawana urithi, na siku nyingine ya kuagana. Sisi tuliyachanganya mambo hayo mawili katika saa mbili za usiku, na moja likalimeza jingine.

Je, najuta kwamba usiku ule nilichagua kuagana? Nimejiuliza mara nyingi. Yule bwana wa Dubai alifariki mwaka uliofuata, na maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa ya usiku huo: "Mwalimu, bado nasema Zein ndiye." La, kuagana sikujutii. Ninachojutia ni zile jioni zaidi ya mia moja zilizotangulia.

Sasa nina daftari la kurasa 96 juu ya meza yangu. Kila ninapokumbuka neno moja la Ami, naliandika humo pamoja na maana yake, kama alivyonieleza. Hadi leo nina maneno 61, na mengine sina hakika nayo. Wanafunzi wangu wawili, mmoja aliyelelewa Kisauni, wamejitolea kumwendea bibi yake mmoja wao wakati wa likizo, wakamsomee orodha hiyo ayasahihishe nisiyoyakumbuka vyema. Nimewapa daftari tupu la pili, endapo bibi atakuwa na ya kuongeza.